Nahodha wa Lorman

Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi pale Pangani. Alikuwa akisema kamba huvutwa na yeyote mwenye mikono, lakini upepo husomwa na mmoja, na huyo mmoja akikosea wote watakunywa maji ya chumvi. Niliyasikia maneno hayo utotoni nikayaacha yapite. Yalinirudia mwaka 1994, nikiwa nimekaa kwenye benchi la bati la uwanja mdogo uliozungukwa na msitu, kusini-magharibi mwa jimbo la Mississippi, Marekani. Uwanjani, kijana wa miaka 21 alisimama katikati ya wenzake kumi, akatazama kushoto, akatazama kulia, akapaza sauti, na wale wenzake wakahama kama alivyowaambia. Jina lake Steve McNair.

Nilikuwa nimefika Jackson, mji mkuu wa jimbo hilo, Agosti 1993, kusomea uhasibu. Mwenzangu wa chumbani alitoka kaunti ya Covington, mwendo wa kama saa moja kwa gari kuelekea kusini, na tangu mwezi wa kwanza akawa ananichukua kwao kila Jumapili nile chakula cha nyumbani. Mama yake nilimwita Mama, maana ulimi wangu haukukubali kumtaja mtu wa umri ule kwa jina. Aliposikia kwamba sili nguruwe, akaanza kuteleka sufuria ya pembeni, mboga za majani na bata mzinga aliyekaushwa kwa moshi, na mkate wa mahindi juu yake. Watoto wa nyumba ile hawakumjibu mkubwa bila kutanguliza neno la heshima, kama kwetu mtoto asivyompita mzee bila shikamoo. Nilijiona niko kwa watu.

Hapo mezani ndipo nilipolisikia jina la McNair mara ya kwanza, kwa sababu kijana huyo alitoka kimji cha Mount Olive, katika kaunti ileile. Na hapo ndipo nilipoanza kufundishwa mchezo ambao sikuujua kabisa.

Msomaji wa kwetu akisikia futiboli anafikiria miguu. Ile ya Kimarekani ni mchezo wa mikono na mabega, na kinachogombewa ni ardhi. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ikifaulu hupewa mengine manne, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani, na kuufikisha mwisho wa uwanja ndiyo tachdauni, pointi sita. Kila jaribio huanza kwa mchezaji wa katikati kuupitisha mpira kati ya miguu yake, uende kwa mtu aliye nyuma yake. Huyo wa nyuma ndiye kwotabeki. Ana kama sekunde tatu kabla wanaume wa kilo mia na ishirini hawajamwangukia, na ndani ya sekunde hizo lazima aamue: arushe mpira au aushike, amrushie nani, au akimbie nao mwenyewe. Kabla ya hapo amekwisha kuwasoma wapinzani walivyojipanga, na akiona mpango aliopewa na kocha haufai, anaubadilisha palepale kwa sauti, na wote hutii.

Kwa sababu ya utii huo, kwa miongo mingi nafasi hiyo ilizuiwa kwa Wamarekani Weusi. Waliachiwa kukimbia, waliachiwa kudaka, waliachiwa kuangusha watu. Kuamuru, hapana. Ilisemwa wazi kwamba hawana akili ya kazi hiyo na kwamba wachezaji Weupe hawatawafuata. Willie Thrower alicheza kwotabeki katika ligi ya kulipwa mwaka 1953 akiwa na Chicago Bears, kwa muda mfupi tu. Marlin Briscoe wa Denver Broncos alipewa nafasi mwaka 1968, akarusha pasi 14 za tachdauni katika msimu wake wa kwanza, na mwaka uliofuata akawa katika timu nyingine, Buffalo, amefanywa mdakaji. James Harris, kijana wa chuo cha Grambling huko Louisiana, akaanza msimu wa 1969 akiwa kwotabeki wa Buffalo, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kihistoria. Ilibidi ifike Januari 1988 ndipo Doug Williams, naye wa Grambling, alipoiongoza timu ya Washington kuifunga Denver 42 kwa 10 katika Super Bowl, tachdauni nne katika robo moja ya mchezo, akawa mchezaji bora wa siku hiyo.

Haya nimeyasoma baadaye. Wa kwanza kunieleza kwa mdomo alikuwa kaka wa Mama, ambaye nyumba nzima ilimwita Mjomba, nami nikamwita hivyohivyo. Mjomba alikuwa kwotabeki wa shule ya Weusi hadi Januari 1970, wakati shule za Mississippi zilipounganishwa kwa amri ya mahakama. Katika shule mpya alikuta kwotabeki ameshachaguliwa, kijana Mweupe, na yeye akaambiwa akacheze ulinzi pembeni. Hakujaribiwa hata siku moja. Alinisimulia akiwa anamenya kokwa kwenye baraza, mikono yake mikubwa ikifanya kazi bila yeye kuitazama. "Mwanangu," aliniambia, "hawakuniondoa kwa sababu sikuweza. Waliogopa siku nitakayosema neno uwanjani na watoto wao wakatii."

Nimeishi na sentensi hiyo miaka mingi, na kwangu ndiyo inayoeleza maisha ya McNair kuliko takwimu zote.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1973, mmoja wa wana watano waliolelewa na mama yao, Lucille McNair, katika mji wa watu wasiofika elfu moja. Utotoni walimwita Monk, kwa jinsi alivyopanda miti kama nyani. Kaka yake mkubwa, Fred, ndiye aliyemfundisha kurusha. Fred mwenyewe alikwenda kuwa kwotabeki wa Alcorn State, na kwa kuwa alirusha mpira ukakaa hewani, watu wakamwita Air. Mdogo alipofuata akaitwa Air wa Pili, halafu muda si mrefu jina lote likawa lake: Air McNair. Timu yake ya sekondari, Mount Olive, ilichukua ubingwa wa jimbo mwaka 1989. Sekondari alicheza pande zote mbili, mashambulizi na ulinzi, na katika ulinzi alinasa pasi 30 za wapinzani, akafikia rekodi ya jimbo. Timu ya besiboli ya Seattle Mariners nayo ikamteua mwaka 1991.

Sasa angalia kilichotokea. Kwa sababu alikuwa hodari mno wa kunasa pasi, vyuo vikubwa vilimtaka kwa kazi nyingine, si ya kuamuru. Mwaka ni 1991, miaka ishirini na moja baada ya Mjomba. Hakuna aliyemfukuza. Waliomtaka walimpenda, walimpa ahadi nzuri, viwanja vya watu elfu themanini na televisheni kila Jumamosi, ila asishike usukani. Alcorn State walimwambia: njoo uwe kwotabeki. Akaenda Alcorn.

Lazima nieleze Alcorn ni mahali gani, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu napapenda.

Ukitoka Jackson kwa gari ni kama saa moja na nusu. Mji wa karibu unaitwa Lorman, na kuuita mji ni kuupa heshima. Barabara inaingia msituni, mitambaazi imefunika miti mpaka haionekani shina, halafu ghafla unatokea kwenye nyasi zilizokatwa na majengo ya matofali mekundu. Zamani kilikuwa chuo cha Oakland, cha watoto wa wenye mashamba ya pamba, na kanisa lake lilijengwa kwa mikono ya watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikiua. Mwaka 1871 serikali ya jimbo ilikinunua kwa dola 40,000 na kukifanya chuo cha Weusi, na mkuu wake wa kwanza akawa Hiram Revels, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuketi katika Seneti ya nchi hiyo. Ngazi za chuma za kanisa hilo zilitoka katika jumba la Windsor, kasri la tajiri mmoja wa pamba lililoungua mwaka 1890 likabaki nguzo tupu. Leo wajukuu wa waliolima pamba ile wanapanda ngazi zile. Nami nimezipanda. Zinalia chini ya kiatu.

Medgar Evers alisoma hapo baada ya kurudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia, akacheza futiboli, akahariri gazeti la chuo, akahitimu mwaka 1952. Akawa kiongozi wa harakati za haki Mississippi, na usiku wa tarehe 12 Juni 1963 alipigwa risasi mbele ya nyumba yake Jackson. Aliyemuua, Byron De La Beckwith, alikwepa hukumu ya mauaji hayo kwa zaidi ya miaka thelathini. Mimi nilikuwa Jackson tarehe 5 Februari 1994 alipotiwa hatiani. Mama alizima redio, akakaa kimya, kisha akasema tule. Ni mwaka huohuo, miezi saba baadaye, kijana mwingine wa Alcorn alipoanza kuandikwa katika magazeti ya nchi nzima.

Mchezo ulikuwa na mizizi mirefu pale. Uwanja, uliofunguliwa mwaka 1992, uliitwa kwa jina la Jack Spinks, mchezaji wa Alcorn aliyechukuliwa na Pittsburgh Steelers mwaka 1952. Kocha Marino Casem alitawala tangu 1964 hadi 1985, na watu wakamheshimu kama mzee wa ukoo. Kilele cha siku zile kilikuwa Jumapili ya tarehe 4 Novemba 1984, Alcorn na Mississippi Valley State walipokutana Jackson mbele ya watu 63,808. Valley walikuwa na Willie Totten, kwotabeki aliyerusha pasi 56 za tachdauni mwaka ule, na mdakaji wake Jerry Rice, mtoto wa fundi mwashi kutoka Crawford. Alcorn walishinda 42 kwa 28. Mjomba alikuwepo. Kila akiisimulia mechi ile, bendi ilikuwa inapiga vizuri zaidi kuliko alivyosimulia mara iliyotangulia.

Lakini wakati huohuo maji yalikuwa yanapungua kisimani. Chuo Kikuu cha Mississippi hakikuwa na mchezaji Mweusi wa futiboli uwanjani mpaka mwaka 1972. Milango ya vyuo vikubwa vya Kusini ilipofunguka, vijana bora waliotoka Mount Olive na Crawford na vijiji vyote vya pamba wakaanza kwenda huko, penye pesa. Vyuo vya Weusi vikabaki na viwanja vibovu na mabweni yanayovuja. Mwaka 1975 mzazi mmoja, Jake Ayers, alilishtaki jimbo kwa kuvinyima vyuo hivyo haki yao, na mwaka 1992, McNair akiwa tayari yuko Alcorn, Mahakama Kuu ya Marekani ikasema kwamba jimbo bado halijang'oa mabaki ya ubaguzi. Kwa hiyo McNair alipochagua Lorman alichagua mahali penye upungufu wa kila kitu, isipokuwa kitu kimoja alichonyimwa kwingine.

Jumamosi niliyokwenda Lorman mwaka 1994, Mama alifunga kuku wa kukaanga kwenye karatasi na sisi watatu, Mjomba akiwemo, tukaondoka asubuhi. Magari yalijaa njiani mpaka msituni, watu wamevaa zambarau na rangi ya dhahabu, majiko ya mkaa yakiwaka nyuma ya magari. Bendi ilianza kabla hatujakaa. Mbele yake wasichana wa ngoma, wanaoitwa Golden Girls tangu 1968, wakapita kwa hatua moja kiasi kwamba bibi mmoja jirani yetu alisimama na kuweka mkono kifuani. Nimezaliwa Uswahilini, nimeona beni na ngoma za kila aina, na nasema sijaona watu wanaojua kuingia uwanjani kama wale.

Halafu akatoka yeye, namba 9. Nilitegemea jitu, nikaona kijana wa kawaida mwenye mabega mapana. Mpira ulipomfikia mara ya kwanza wapinzani wawili walimpita kushoto na kulia kama watu waliotelekezwa na kivuli. Akakimbia upande, bado macho yako mbali, mkono ukapiga kwa chini kidogo ya bega, na mpira ukaenda yadi arobaini ukatua juu ya vidole vya mwenzake ambaye alikuwa hajageuka. Watu walipiga kelele. Mjomba hakupiga. Aliniambia niache kutazama mpira, nimtazame McNair kabla hajapewa mpira. Nikafanya hivyo jaribio baada ya jaribio, na ndipo nilipomwona babu. Alisimama, akasoma, akanyoosha kidole, akawahamisha watu wawili, akaita. Kila kitu kilikuwa kimekwisha amuliwa kabla kelele hazijaanza.

Mwaka ule alirusha pasi za yadi 4,863, nyingine 904 akakimbia mwenyewe, na pasi 44 zilikuwa za tachdauni. Mwezi Septemba jarida la Sports Illustrated lilimweka kwenye jalada na kuandika kwamba apewe tuzo ya Heisman, tuzo kubwa kuliko zote ya mchezaji wa chuo. Waandishi na kamera wakamiminika Lorman. Waliopinga walisema anacheza na timu dhaifu, katika daraja la chini ya vyuo vikubwa. Hoja hiyo ina uzito, sitaificha: katika mtoano wa mwisho wa msimu Alcorn walikutana na Youngstown State ya Ohio wakafungwa 63 kwa 20. Lakini walinzi wa Alcorn ndio waliovuja siku ile. Heisman ikaenda kwa Rashaan Salaam wa Colorado, wa pili Ki-Jana Carter, na McNair wa tatu. Kwa chuo cha msituni chenye wanafunzi wapatao elfu tatu, nafasi ya tatu ilipokewa kwa machozi. Jumla ya miaka yake minne ni yadi 14,496 za pasi na tachdauni 119.

Aprili 1995 Houston Oilers walimchagua wa tatu katika nchi nzima. Hakuna kwotabeki Mweusi aliyekuwa amewahi kuchaguliwa juu kiasi hicho. Doug Williams mwenyewe mwaka 1978 alikuwa wa kumi na saba. Ya ligi ya kulipwa yameandikwa sana, nitayapitia haraka. Timu ilihamia Tennessee ikawa Titans. Tarehe 30 Januari 2000 walicheza Super Bowl na St. Louis Rams, na zikiwa zimebaki sekunde chache McNair aliponyoka mikononi mwa walinzi wawili waliokwisha mshika, akasimama, akarusha, akaipa timu yake jaribio moja la mwisho. Pasi ya jaribio hilo ilimfikia Kevin Dyson, akaangushwa yadi moja kabla ya mstari. 23 kwa 16. Tuliitazama kwa Mjomba. Hakuongea juu ya ile yadi moja. Alirudia tu, mara tatu au nne, jinsi kijana alivyokataa kuanguka.

Mwaka 2003 aligawana na Peyton Manning tuzo ya mchezaji bora wa ligi, kwotabeki Mweusi wa kwanza kuipata. Kimbunga Katrina kilipoivunja Mississippi mwaka 2005, yeye na Brett Favre, kwotabeki mwingine wa mji mdogo wa jimbo hilo, Kiln, waliungana kupeleka misaada kwa watu wao. Alistaafu 2008. Tarehe 4 Julai 2009 aliuawa kwa risasi Nashville, akiwa na miaka 36, na maelfu ya watu walikusanyika ukumbini Hattiesburg kumuaga. Maisha yake ya faragha yalianikwa na kila mwenye kamera. Mimi simo katika hao, na Mjomba alizima televisheni wiki ile.

Kesi ya Ayers ilimalizwa kwa maafikiano yaliyoidhinishwa mahakamani mwaka 2002, takriban dola milioni 503 kwa vyuo vitatu vya Weusi. Willie Totten, ambaye hakupata makuu katika ligi ya kulipwa, alirudi Itta Bena kuwa kocha wa Valley, kwenye uwanja uliopewa jina lake na la Rice. Fred McNair, yule kaka aliyemfundisha mdogo wake kurusha, alirudi Alcorn kuwa kocha mkuu mwaka 2016 na akachukua ubingwa wa ligi yao mara mbili mfululizo, 2018 na 2019. Rekodi ya Steve ya yadi za pasi katika daraja lile ilidumu miaka 24, mpaka mwaka 2018 Devlin Hodges wa Samford alipofikisha 14,584.

Msomaji, ukijaliwa kupita barabara namba 61 kutoka Vicksburg kwenda Natchez, ukifika Lorman pinda kulia, uende kama maili saba msituni. Panda zile ngazi za chuma kwanza. Kisha nenda uwanjani, ukae juu kabisa, na mpira ukiwa bado chini mtazame kijana aliyesimama nyuma yake.